Simu zinazolala depo na vijiji visivyosikika



Mwanzoni mwa Mei 2025, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano katika nchi yetu, ARPTC, ilitangaza kwamba kampuni ya Starlink imepewa leseni ya kufanya kazi Congo. Mwaka mmoja tu nyuma, Machi 2024, mamlaka hiyo hiyo ilikuwa imeikataza. Kisha Desemba 2025 Airtel Africa ikatangaza mapatano na SpaceX ili simu za kawaida za mkononi ziweze kushika setilaiti mahali pasipo na mnara, katika nchi zake 14, na Congo ni mojawapo. Wengi walishangilia, na hawakukosea. Mtu aliyewahi kupanda mlima kwa saa mbili ili apate mstari mmoja wa mtandao anajua kwa nini tunashangilia.

Lakini mjini Goma kuna jambo jingine ambalo halitangazwi. Simu za setilaiti zimekuwepo kwetu kwa zaidi ya miaka ishirini. Ziko katika kabati za wauzaji, bado ndani ya karatasi zake. Nyingine ziko katika depo za mashirika yaliyofunga miradi. Mteja mkubwa wa vyombo hivi siku zote alikuwa shirika la misaada, na mwaka 2025 mteja huyo alidhoofika. Msaada wa Marekani ulisimamishwa Januari, na kufikia tarehe 1 Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Katika mwezi ule ule wa Januari mji wetu ulianguka mikononi mwa AFC/M23, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa. Muuzaji aliyeagiza simu kwa ajili ya magari meupe ya mashirika amebaki na simu zake, na magari yamepungua.

Huku simu zikilala, Walikale ina vijiji ambavyo habari yake hufika kwa mguu. Mama anashikwa na uchungu usiku, kituo cha afya hakina njia ya kuita pikipiki. Kijiji kinavamiwa, na jirani aliye kilomita kumi anajua asubuhi, akiona watu wanapita na magodoro kichwani. Tunataka kuuliza swali moja rahisi katika makala hii: kwa nini chombo kinachokosa mnunuzi mjini na mtu anayekihitaji porini hawakutani? Jibu letu ni kwamba mbinguni setilaiti hazikosekani. Kinachokosekana hapa chini ni bei inayolingana na mtu, na njia ya kumfikia.

Tuanze na historia, maana wenye mali nyingi kuliko wauzaji wetu waliwahi kukwama hapo hapo.

Tarehe 1 Novemba 1998 kampuni ya Iridium, iliyoanzishwa na Motorola, ilifungua huduma ya simu ya setilaiti kwa dunia nzima. Ilikuwa na setilaiti 66 zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 780 hivi. Kazi yote iligharimu karibu dola bilioni 5. Simu moja iliuzwa karibu dola 3,000, na dakika moja ya kuongea ilifika hadi dola 7. Ilikuwa nzito, na ndani ya nyumba haikushika vizuri. Walimlenga mfanyabiashara mkubwa anayesafiri. Lakini huyo, katika miji anayokwenda, alikuwa tayari na simu ndogo ya bei nafuu mfukoni. Mtu aliyehitaji Iridium kweli, baharini, jangwani, msituni, hakuwa na dola 3,000.

Kulikuwa pia na shida ya usambazaji. Kampuni ilitumia zaidi ya dola milioni 100 katika matangazo. Watu wengi sana waliuliza habari, lakini simu zenyewe zilichelewa kufika madukani, na mawakala wa nchi mbalimbali hawakuwa wameandaliwa kuuza. Tangazo lilifika, mjumbe hakufika. Katikati ya mwaka 1999 walishusha bei, lakini saa ilikuwa imekwisha kupita. Tarehe 13 Agosti 1999 Iridium iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni, ikiwa na wateja kama 20,000 tu.

Angalieni kilichofuata. Mwishoni mwa mwaka 2000 kundi la wawekezaji lilinunua mali yote kwa dola milioni 25. Setilaiti zilikuwa zile zile, simu zile zile. Kilichobadilika ni kwamba bei haikubeba tena deni la jana, na wauzaji walikwenda kwa watu waliohitaji: wanajeshi, mabaharia, marubani, wachimba madini, waokoaji. Mwaka 2018 Iridium ilipita wateja milioni moja. Bidhaa iliyodhaniwa kuwa imekufa ilikuwa hai. Bei yake ndiyo iliyokuwa imekufa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na kanisa. Mwaka 1998 kampuni ya WorldSpace, ya Noah Samara mwenye asili ya Ethiopia, ilirusha setilaiti ya AfriStar ili kuleta redio safi katika Afrika yote. Nia yake ilikuwa njema: elimu, habari za afya, sauti ya mbali ifike kijijini. Lakini redio maalumu ya kupokea iliuzwa kwa zaidi ya dola 100, wakati redio ya kawaida sokoni iliuzwa kwa dola chache na haikudai malipo mengine. Kijiji kilichokusudiwa hakikuweza kuinunua. Oktoba 2008 WorldSpace nayo iliomba ulinzi wa mahakama kwa ajili ya madeni. Nia njema haikufanya kazi ya hesabu, na hilo ni somo kwetu sisi watu wa kanisa, tunaozoea kufikiri kwamba jambo jema litajiuza lenyewe.

Sasa turudi dukani Goma. Kwa nini muuzaji hashushi bei? Mara nyingi si ukatili. Anakumbuka alichotoa. Tuchukue mfano wa hesabu, si habari ya duka fulani. Amenunua simu kumi kwa dola 700 kila moja, jumla dola 7,000. Ameweka bei ya 1,000. Miaka miwili imepita, hajauza hata moja. Akiambiwa auze kwa 600 anaona anapoteza dola 100 kwa kila simu. Ni kweli. Lakini dola 6,000 zitakazorudi mkononi zinaweza kununua taa za sola au vitenge vinavyotoka kila wiki. Simu iliyo kabatini hailindi fedha yake, inaila. Betri inazeeka. Aina mpya inaingia. Setilaiti yenyewe ina mwisho wake. Aprili 2024 setilaiti ya Thuraya-3, iliyohudumia upande wa Asia na Australia, iliharibika, na simu nzuri za watu wa huko zikakosa pa kushika. Bahati njema upande wetu unahudumiwa na setilaiti nyingine, na mapema Januari 2025 Thuraya ilirusha mpya. Hata hivyo onyo limetolewa: bidhaa ya namna hii haiwekwi kama dhahabu.

Tena, simu ya setilaiti ina bei mbili. Kuna bei ya chombo, na kuna bei ya dakika. Wauzaji wengi hutangaza ya kwanza na kunyamaza juu ya ya pili. Vifurushi vingi vina siku ya mwisho, na usipovitumia vinakufa. Mwanakijiji akinunua simu kwa jasho kisha akakosa pa kuongeza dakika, amenunua jiwe. Kwa hiyo kushusha bei ya chombo peke yake hakutoshi. Mwenye busara atauza chombo kwa faida ndogo au bila faida, na kupata kidogo kidogo katika dakika, mwezi kwa mwezi, mradi wakala wake awepo karibu na apokee Airtel Money, M-Pesa au Orange Money. Tangu benki zifunge milango Goma, tumejifunza kwamba huduma inayodai kadi ya benki, hata iwe nafuu namna gani, haijashuka bei kwa mtu wetu.

Jambo hili si ndoto. Limefanyika kwa majirani. Starlink ilipoingia Kenya Julai 2023, vifaa vyake viliuzwa kwa zaidi ya shilingi 85,000 za huko. Mwaka 2024 bei ilishuka chini ya 50,000, na Agosti wakaleta njia ya kukodi kwa shilingi 1,950 kwa mwezi. Kufikia Novemba mwaka ule walilazimika kusimamisha wateja wapya Nairobi kwa sababu uwezo ulijaa. Uganda, mwishoni mwa 2003, MTN na Grameen Foundation walianza mpango wa simu ya kijiji. Mtu mmoja alikopa simu pamoja na antena ya kuvuta mawimbi ya mnara wa mbali, akawauzia majirani dakika, akalipa mkopo kwa faida. Kijiji kizima kilipata simu bila kila nyumba kununua. Hapa kwetu pia tumeona Bboxx na Altech wakiuza umeme wa sola kwa kulipa kidogo kidogo. Altech ilianzishwa na vijana wawili wa Kivu Kusini waliokulia ukimbizini Tanzania, na inauza kwa mawakala wanaoishi miongoni mwa wateja wao. Kama sola ilifika namna hiyo, simu ya dharura inaweza kufika.

Tuangalie Neno. Mithali 11:26 inasema juu ya mtu anayezuia nafaka, kwamba watu watamlaani, na baraka itakuwa juu ya kichwa cha yule anayeiuza. Tumesikia mahubiri mengi juu ya kutoa bure. Aya hii inashangaza kwa kuwa haimbariki anayegawa bure. Inambariki anayeuza. Mwenye hekima alijua kwamba siku ya njaa soko lililo wazi, lenye bei ambayo mtu anaweza kuifikia, ni namna ya rehema. Alijua pia kwamba kuzuia si lazima kuwe kwa kufuli. Bei isiyofikika ni kufuli. Mfanyabiashara Mkristo asidhani kwamba huduma yake kwa Mungu ni sadaka ya Jumapili tu. Bei anayoandika Jumatatu nayo inasomwa mbinguni.

Lakini Biblia inatuonya upande wa pili. Yusufu alifungua maghala ya Misri na kuuza nafaka, na watu wakapona. Soma hadi Mwanzo 47 uone mwisho wake. Walimaliza fedha, wakatoa mifugo, wakatoa mashamba, wakajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao. Usambazaji uliookoa maisha uliacha watu bila ardhi. Kwa hiyo tunapoomba mkopo na malipo kidogo kidogo, tunaomba pia mipaka. Mkataba wa simu usiguse shamba la mtu, wala ng'ombe wake, wala mtoto wake wa shule. Kama kundi limeshindwa kulipa, chombo kirudi dukani na habari iishe hapo.

Na katika Matendo 6 wajane waliosema Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuhubiri upya juu ya upendo. Walitengeneza usambazaji. Waliweka watu saba wenye sifa njema, na ukisoma majina ya wale saba utaona kwamba yote ni ya Kiyunani. Kazi ya kugawa ilikabidhiwa watu walio karibu na waliosahauliwa. Kwetu maana yake ni kwamba wakala wa simu kwa ajili ya Walikale, Masisi au Lubero asiwe kijana anayekaa Goma akingoja wateja wamfuate. Awe mtu wa huko, anayejua njia, msimu wa mvua na lugha ya wazee.

Nini kiko hatarini? Tukumbuke jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021. Watu wengi wa Goma walijua kwamba Nyiragongo imelipuka kwa kuona anga nyekundu, si kwa kupewa onyo. Baadaye ilijulikana kwamba Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kilikaa miezi kadhaa bila intaneti ya kuunganisha vipimo vyake vya mbali, baada ya mradi uliokifadhili kumalizika mwaka 2020. Mawasiliano yalirudi Aprili 2021, mwezi mmoja tu kabla ya moto. Hatusemi intaneti ingezuia mlima. Tunasema vipimo vilikuwepo juu, wataalamu walikuwepo chini, na kilichokosekana kati yao ni malipo ya kila mwezi. Siku tano baadaye, watu wa mitaa kumi waliamriwa kuondoka, na watoto wengi wakatengana na wazazi wao barabarani. Chombo bila bajeti ya kukitunza ni chombo kilichozimwa.

Tena tuseme ukweli mchungu. Simu ya setilaiti ilimfikia mwenye bunduki kabla haijamfikia mkunga. Katika kesi ya viongozi wawili wa FDLR iliyosikilizwa Stuttgart, Ujerumani, kuanzia 2011 hadi 2015, mawasiliano yao na wapiganaji waliokuwa misituni kwetu, yakiwemo ya simu za setilaiti, yalikuwa sehemu ya ushahidi. Amri iliweza kutoka Ulaya ikafika msitu wa Kivu kwa dakika moja, huku kilio cha kijiji kile kile kikitumia siku mbili kufika Goma. Bei ya juu haikumzuia mwovu, kwa maana yeye hupata fedha kwa kunyang'anya. Ilimzuia mtu mwaminifu.

Kanisa lenyewe si geni katika kazi hii. Wazee wetu wanakumbuka foni, ile redio ya masafa marefu iliyokuwa katika misheni na hospitali. Kila asubuhi kituo kiliita kituo, dawa ziliagizwa, ndege ya MAF ilipangwa. Foni moja ilikuwa ya wote. Huko Haut-Uele, baada ya mauaji ya LRA ya Desemba 2008, jimbo katoliki la Dungu-Doruma na washirika wake, Invisible Children wakiwemo, walijenga mtandao wa foni ambao vijiji vilitoa habari asubuhi na jioni. Nguvu ya mpango ule haikuwa mashine tu. Ilikuwa ratiba, mtu anayejulikana wa kuita, na mtu mwingine anayejulikana wa kuitika.

Basi tunapendekeza nini?

Kwa wauzaji wa Goma, Butembo na Bukavu. Hesabuni upya. Tenganisheni mlichotoa jana na kile ambacho chombo kinaweza kuwaletea leo. Kwa zile simu ambazo zimekaa zaidi ya mwaka, wekeni bei ya kutoa, iandikwe wazi, iwe sawa kwa mchungaji na kwa mgeni. Uzeni kwa kundi, si kwa mtu mmoja. Uzeni simu pamoja na sola ndogo ya kuchajia, betri ya akiba na dakika za kuanzia, na mfundishe anayeipokea kabla hajaondoka mjini. Nani hajaona chombo kizuri kilichozikwa kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kukiwasha? Semeni ukweli juu ya udhaifu wake pia: chini ya miti mizito ya Walikale mtu lazima atafute uwazi wa kuona anga. Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Kumficha mnunuzi udhaifu wa bidhaa ni kipimo kilichopunguzwa.

Kwa mashirika yanayofunga miradi. Msiache vyombo vife depo vikingoja ruhusa ya makao makuu. Kama kanuni zenu zinawaruhusu, viuzeni kwa bei ndogo au vikabidhini kwa vituo vya afya, kwa maandishi, pamoja na namba za laini na maelezo ya malipo. Kituo kinachopewa simu bila dakika kimepewa mzigo.

Kwa posti na parokia zetu. Msingoje mfadhili. Tunajua likelemba, tunajua AVEC. Tuchukue hesabu nyingine ya mfano: simu inauzwa dola 600, posti 12 zinaungana. Kila posti ikitoa dola 5 kwa mwezi, kwa miezi kumi deni limekwisha. Dakika moja ikiwa dola 1.50, dakika 20 kwa mwezi ni dola 30, yaani dola 2.50 kwa kila posti. Simu ikae kituo cha afya, si nyumbani kwa mchungaji. Wawepo watunzaji watatu, mmoja wao mama, mmoja kijana. Liwepo daftari la kila wito: saa, aliyeita, sababu. Wito wa dharura usilipiwe na mgonjwa. Wito wa biashara ulipiwe, na faida iingie katika dakika za dharura. Kila Jumatatu ipigwe simu ya majaribio ya dakika moja, ili siku ya hatari isiwe siku ya kujua kwamba betri imekufa.

Kwa wenye mamlaka. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ndiyo inayosimamia mawasiliano nchini. Tunaomba utaratibu wa ruhusa kwa chombo cha dharura cha kituo cha afya uwe mfupi, wazi na wenye ada ndogo. Kodi na ada barabarani nazo ni sehemu ya bei. Chombo kinacholipiwa kwenye kila kizuizi hufika kijijini kikiwa ghali mara mbili.

Tunajua pingamizi mbili, na zote ni za haki.

Ya kwanza ni usalama. Katika nchi yetu ya leo, mtu anayekutwa na simu ya setilaiti anaweza kuitwa mpelelezi na upande wowote ule. Hatari hii ni ya kweli, na hakuna simu inayostahili kununuliwa kwa damu ya muuguzi. Ndiyo maana tunasema kituo cha afya, daftari la wazi, ruhusa ya maandishi, na viongozi wote wa mahali wajue. Ndiyo maana pia simu hiyo isitumike kamwe kutaja nafasi za askari, idadi yao wala njia wanazopita. Iite daktari, iite pikipiki, iwaonye majirani. Kama mahali fulani hata hilo haliwezekani, basi mahali hapo pasipewe simu kwa sasa, na tusione aibu kusema hivyo. Kuna mazingira ambapo mjumbe wa mguu bado ni salama zaidi.

Pingamizi la pili: kwa nini kununua simu ya zamani wakati simu za kawaida zitaunganishwa na setilaiti karibuni? Tunatumaini hilo litatimia, na tutamshukuru Mungu likitimia. Lakini huduma za namna hiyo kwanza huanza na ujumbe mfupi, zinadai simu zinazokubaliana nazo, na kwa kawaida zinafika mwisho kwa watu wa mwisho. Mama anayejifungua mwezi ujao hawezi kungoja. Zaidi ya hayo, swali halitabadilika siku chombo kitakapobadilika. Starlink nayo itakuwa na bei, itakuwa na wakala, itakuwa na namna ya kulipa. Kama hatujajifunza kuungana, kutunza daftari na kudai bei ya haki kwa simu iliyo kabatini leo, vyombo vipya vitapita juu ya vijiji vyetu kama zilivyopita setilaiti 66 mwaka 1998, na hakuna atakayeitikia.

Tunawaomba wachungaji wa posti wafanye jambo moja kabla ya mkutano ujao wa wazee. Waandike majina ya vijiji vya posti yao visivyo na mtandao, umbali wa kila kimoja hadi kituo cha afya, na jina la kituo hicho. Orodha hiyo wapelekewe wafanyabiashara waaminifu walio katika makanisa yetu ya mjini, maana wapo. Muuzaji hawezi kumwona mteja ambaye hakuna aliyemwandika. Huo ndio mwanzo wa usambazaji: kujua nani hasikiki, na anakaa wapi.

Mungu wa Hajiri, aliyesikia sauti ya kijana pale jangwani alipokuwa, hahitaji mnara. Sisi tunauhitaji, au tunahitaji kitu kitakachokaa mahali pake. Tusimwachie Mungu kazi ambayo ametupa akili na mikono ya kuifanya.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi, na hasa na wale ambao habari hii itawafikia kwa mguu.